Ufa wa Nchi ya Tamathali

Anayetaka kujua njia ya kufika nchi ya Tamathali aulize kwingine. Sisi tunaanzia pale ambapo Zena Semkiwa, mwalimu wa Fasihi katika sekondari moja ya Muheza, alikuwa ameshafika, ameketi kwenye benchi la forodha, chai imempoa mkononi, na ofisa forodha bado anamsimulia hadithi ya sungura aliyeazimisha masikio yake.

Hadithi ilikuwa ndefu na sungura hakuwa na haraka hata kidogo. Zena aliwahi kuinuka, akidhani imefika mwisho, na foleni nzima ikaguna kwa hofu. Ofisa akamwonyesha tangazo la ukutani, limeandikwa kwa herufi kubwa: ALIYESIKIA MWANZO ATASIKIA MWISHO, NA ALIYEANZA ATAMALIZA. Hiyo ndiyo sheria kuu ya nchi ile, na ndiyo pekee ambayo mitaa yake yote inakubaliana nayo. Mwizi huko hukaripiwa tu. Lakini anayeondoka katikati ya hadithi, au anayeianza akaiacha njiani, hutengwa na jamaa zake wote, na hata mbwa wake humpa mgongo. Zena akakaa chini. Sungura akarudishiwa masikio, pasipoti ikagongwa muhuri.

Alikuja kwa hamu kubwa. Miaka yote amezifundisha tamathali za semi ubaoni, akiwaamuru wanafunzi wazitaje, wazifafanue, watoe mifano miwili miwili. Aliposikia kuna nchi ambayo watu wanaishi ndani ya tamathali hizo kama sisi tunavyoishi ndani ya nyumba, alifunga begi siku hiyo hiyo. Ndani ya begi mlikuwa na nguo za kubadilisha na boksi la chaki, maana mwalimu ni mwalimu popote.

Nchi yenyewe iliasisiwa na washairi. Inasemekana walipendana sana mpaka siku walipoanza kujadiliana ni tamathali ipi iliyo bora kuliko zote. Tangu siku hiyo kila mtaa ulijichukulia ya kwake na kuzipiga marufuku nyingine zote. Mitaa hiyo imepangana bondeni kando ya mto, na juu yake, pale bonde linapobanwa na miamba, wazee walijenga ukuta mkubwa na nyuma ya ukuta wakatega bwawa. Kazi ya kuulinda ukuta walipewa watu wa mtaa wa Tashbihi, kwa sababu wao ndio walio jirani nao.

Huko Tashbihi hakuna ruhusa ya kutaja kitu bila kusema kinafanana na nini. Ukienda dukani kuomba chumvi, muuzaji hukutazama tu mpaka umwambie nyeupe kama nini. Zena aliipenda desturi hiyo kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, chungu kama talaka, moto kama ulimi wa wifi. Kikombe cha pili kilimchosha.

"Karibu, mgeni, karibu kama mvua ya kwanza," alisema mtu mmoja mrefu mwenye vifungo vya shaba vilivyosuguliwa vizuri. Huyo alikuwa Bwana Shamte, Msimamizi wa Bwawa. Alikuwa mpole na mwenye adabu, ila macho yake hayakutulia. Aliposikia mgeni ni mwalimu wa Fasihi alimwomba aje auone ukuta, labda angemsaidia kupata neno.

Walipanda. Shamte akaelekeza kidole. "Pale. Unaona? Pana kitu kama mstari wa wanja."

Zena alitazama. Ulikuwa ufa. Ulianza juu ya ukuta ukateremka mpaka chini, na mkono wa mtu ungeingia. Maji yalikuwa yakidondoka humo ndani: ti, ti, ti.

"Bwana Shamte, huu ni ufa."

Shamte aligeuka huku na huku, uso umemwiva. "Mwalimu, tafadhali. Kuna watu."

"Umetoa taarifa?"

"Nimetoa. Nilisema pana kitu kama mstari wa wanja. Kamati ya mtaa ikaketi. Wengine wakasema si wanja, ni kama mshipa wa jani la mgomba. Wengine wakasema la, ni kama njia ya siafu. Wakashikana mashati. Kikao kimeahirishwa mpaka wapatane."

"Na ukuta ukianguka kabla hawajapatana?"

Shamte alitazama chini bondeni, kwenye kijumba kimoja cha kwanza kabisa ukitoka mtoni, moshi unafuka jikoni kwake. "Pale ndipo kwa mama yangu," alisema. "Anakaanga vitumbua. Mwalimu, moyo wangu uko kama... uko kama..." Akatafuta, akakosa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kukosa mfano, na aliona aibu kama mtu aliyeshikwa akikojoa barabarani.

Zena alimhurumia, tena sana. Akamshika mkono wakateremka.

Mtu wa kwao angefanya nini? Angesema. Zena alisimama njia panda akapaza sauti: "Jamani! Ukuta wa bwawa umepasuka! Maji yanakuja! Ondokeni!"

Akina mama wakawaziba watoto masikio. Mwenye duka akashusha mlango. Bibi mmoja alitoka mbio na khanga mkononi, akamfunika Zena kuanzia kichwani mpaka kwenye vifundo, akamkumbatia. "Pole, mwanangu," alimnong'oneza. "Nani kakuachia utoke nje hivyo, bila hata neno la kujisitiri?"

Ndivyo alivyojifunza kwamba katika nchi ya Tamathali kusema maneno makavu ni sawasawa na kutembea uchi. Watu hawashughuliki na ulichosema, wanashughulika kukufunika. Shamte alizunguka akiomba radhi, "Ni mgeni, jamani, ni mgeni," mpaka wakatawanyika.

"Basi," Zena alisema huku akijinasua kwenye khanga, "kila mtaa tutauambia kwa lugha yake. Mimi nimezifundisha zote hizi. Twende."

Wakaanzia Chuku. Huko ni mtaa wa kutia chumvi, na watu wake ni wakarimu mno. Kikombe cha uji wanakiita bahari. Sheha wao, Bi Kidawa, aliwapokea akiwa na mtoto mgongoni, dume zima lenye mashavu, linanyonya kidole.

"Nimekungoja tangu milima haijaota!" alisema Bi Kidawa. "Umemwona mwanangu Hamadi? Ameshahutubia mabaraza mia. Majaji wakimwona wanavua viatu."

Hamadi alitoa kidole, akakitazama, akakirudisha. Umri wa kusema ulikuwa umempita kidogo na hakuwahi kutamka hata neno moja, jambo ambalo mama yake hakulitaja kwa mgeni yeyote.

Zena alivuta pumzi. "Sheha, bwawa limepasuka! Maji yatafika mbinguni, malaika watakunja suruali, papa watafuga kuku kwenye mapaa!"

Bi Kidawa alimpigapiga begani kwa upole. "Hiyo tu? Mwalimu, asubuhi hii ndoo ya jirani imemwagika, na taarifa niliyoletewa ni kwamba bahari zote za dunia zimehamia uani kwake. Jana banda la kuku limevuja, nikaambiwa dunia imekwisha, halafu ikaisha tena. Sasa wewe na papa wako... si mbaya kwa anayeanza. Jitahidi." Akawaaga kwa machozi ya miaka elfu.

Zena alitoka pale amenywea. Darasani alikuwa akieleza kwamba chuku hulikuza jambo ili lionekane. Hapa ilikuwa imekuza kila kitu kwa kiasi kilekile, na sasa bwawa zima lilikuwa limelingana na ndoo. Wakaendelea na safari.

Mtaa wa Tafsida una mito laini kila mahali, hata kwenye ngazi. Watu wa huko hawalitaji jambo baya kwa jina lake. Hakuna anayekufa Tafsida, watu hutangulia. Hakuna aliyefukuzwa kazi; amepumzishwa. Mwenyekiti wao, Bi Staha, aliwakaribisha kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Ukuta wa bwawa," Zena alianza kwa uangalifu, "umechoka kidogo."

"Jamani, pole yake. Apumzike."

"Na huenda maji yakatutembelea."

"Wageni tunawapenda."

Zena aliuma midomo. "Mwenyekiti, yakija, wakazi wako wengi watahamia kwenye makazi ya kudumu."

Uso wa Bi Staha uling'aa. "Makazi ya kudumu! Hawa watu wameomba makazi tangu enzi za mtangulizi wangu!" Akatoka barazani akawatangazia. Wakapiga makofi na vigelegele, na mzee mmoja akauliza kama yatakuwa na vyoo vya ndani.

Shamte alikuwa amekunja kofia yake mpaka imekuwa kitambaa. Kila baada ya muda aligeuka kuangalia juu, kisha chini, kwenye ule moshi wa jikoni. Zena alimwona akihesabu vidoleni watu wa bondeni, akianza kila mara na mama yake.

Mtaa wa Tashihisi ndio ulioleta matumaini kidogo, kwa kuwa una mahakama. Watu wa huko wanavipa vitu vyote utu. Mlango hushukuriwa ukifunguka, na kiti huombwa ruhusa kabla hujakikalia. Hakimu wao, Mheshimiwa Makame, alisikiliza shauri lote akiwa ameishika meza yake mkono, maana ilikuwa inaogopa mashauri mazito.

"Kwa hiyo ukuta unatuhumiwa kupasuka," alisema. "Umeulizwa?"

"Ukuta?"

"Umepewa nafasi ya kujitetea? Pengine una msongo. Pengine maji yameusukuma, na hapo mshitakiwa ni maji. Hatuwezi kumhukumu mtu bila kumsikiliza. Ukuta uitwe mahakamani, uje na shahidi wake."

"Mheshimiwa, ukuta hauna miguu."

Watu wakashtuka. Mama mmoja aliliinamia benchi alilokalia Zena akaliomba radhi kwa niaba ya mgeni. Hakimu alikuwa mtu mwema, hakukasirika. Akaahirisha kesi mpaka baada ya mavuno, na wakati huohuo akatoa amri ya muda kuuzuia mto usiingie kwenye makazi ya watu. Karani akateremka ukingoni akausomea amri hiyo kwa sauti. Aliporudi alieleza kwamba mto haukupinga.

Ulibaki mtaa wa Kinaya, ambako watu husema kinyume cha wanachomaanisha. Zena aliwaambia, "Ukuta ni mzima kabisa, tulieni majumbani mwenu," na akaona jinsi nyuso zilivyowapauka. Walielewa! Tena wao peke yao ndio walioelewa. Wakaruka, wakatoka mbio mtaa kwa mtaa kuwaonya majirani, wakipiga kelele kwa sauti zinazotetemeka: "Salama! Salama tupu! Hakuna hatari yoyote!" Majirani wakawashukuru kwa taarifa, wakarudi kwenye shughuli zao.

Alasiri iliwakuta wawili hao wamekaa kwenye kreti za soda katika uwanja wa soko. Hapo ndipo mitaa yote hukutana, kwa kuwa hata wanaochukiana wanahitaji nyanya. Shamte alikuwa ametoka kuangalia ukuta. Hakusema unafanana na nini. Alinyoosha tu mkono, akaonyesha kwa mkono wa pili mpaka wapi sasa ungezama ufani: begani.

"Hawasikii," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi. "Watu hawa hawasikii kitu."

Zena naye alitaka kulia. Alifika huku kuona vitu alivyovipenda, na kila alichokipenda alikikuta kimegeuzwa mlango uliofungwa. Akawatazama wale watu, wanabishana bei, wanacheka, wanapakata watoto, na akawaonea uchungu kana kwamba ni darasa lake na yeye ndiye aliyeshindwa kulifundisha. Kisha akamkumbuka sungura.

"Bwana Shamte, kipo kitu wanachokisikiliza mpaka mwisho," alisema polepole. "Kile kilima cha ng'ambo, njia yake inapandika?"

"Inapandika. Kwa nini?"

Zena alikuwa ameshapanda juu ya kreti. "Nina hadithi mdomoni!" aliita.

"Iteme!" uwanja mzima uliitikia. Mizani ikawekwa chini. Aliyekuwa akilipa akaacha kulipa.

"Palikuwa na mke na mume, na mtoto wao mmoja aliyechelewa kusema. Kila mganga ameshindwa. Siku moja akaja mgeni na kikapu kilichofunikwa kawa. Akasema: Nawaachia hiki. Neno la kwanza la mtoto wenu litakuwa jina la kilichomo humu. Lakini msifunue kabla hajasema. Mkifunua, kilichomo kitaondoka na kila mlicho nacho."

Bi Kidawa, katikati ya umati, aliacha kumtikisa Hamadi.

"Wakakiweka kikapu chini ya kitanda. Asubuhi walipokitazama, kilikuwa kimesogea. Mchana walipojaribu kukiinua, kilikuwa kimekuwa kizito. Na jioni, nyumba ilipotulia, wakasikia ndani yake sauti ndogo: ti... ti... ti..." Zena mwenyewe hakujua ni nini kilichokuwa kikilia humo. Sauti ilikuwa imemjia tu. "Mume akasema tusubiri. Mke akasema tusubiri. Lakini mama mkwe, ambaye hajawahi kusubiri kitu maishani, akaingia chumbani kwa vidole vya miguu, akainama, akashika ukingo wa kawa, akainua kidogo, akachungulia, akaona..."

Akafunga mdomo. Akashuka kwenye kreti. Akaanza kutembea kuelekea kilimani.

Uwanja ulikuwa kimya mpaka ungesikia nyanya ikibingirika. Halafu sauti moja ikapasuka: "Akaona nini?"

Zena hakugeuka. Taharuki alikuwa akiifundisha kila mwaka: ni hali ya kumwacha msikilizaji na hamu ya kujua litakalofuata. Alikuwa akiiandika ubaoni na kuipigia mstari chini. Hakuwahi hata siku moja kuiona ikisimama kwa miguu yake na kutembea, lakini sasa aliisikia nyuma yake, mamia ya makanyagio, ikipanda.

Walikuja wote. Walikuja kwa sheria na walikuja kwa roho zinazowadunda. Waliosikia mwanzo wakiwa vitandani walibebwa pamoja na vitanda vyao. Bi Staha alikuwa akihema, "Mwalimu, labda umepitiwa na usahaulifu kidogo?" Hakimu Makame alipanda na meza yake kichwani, kwa kuwa nayo ilikuwa imesikia mwanzo na ina haki zake. Watu wa Kinaya walikuwa mbele kabisa, wakilalamika kwamba hadithi hii haiwavutii hata kidogo. Kila kwenye kona Zena aliwatupia sentensi moja. "Kawa likaanguka." Wakapanda. "Mama mkwe akapiga yowe." Wakapanda mbio.

Walipofika nusu ya kilima, Shamte alisimama. Alikuwa akiwapitia watu mmoja mmoja, na hesabu yake ilikuwa imekwama pale inapoanza. Mama yake hakuwepo. Alikuwa jikoni na mafuta yakimpigia kelele. Hakuusikia mwanzo, kwa hiyo sheria haikumhusu. Moshi wake bado ulikuwa ukipanda, mwembamba, peke yake bondeni. Shamte aliteremka akikimbia, na Zena hakuweza kumfuata, kwa kuwa angegeuka, umati wote ungegeuka naye.

Yaliyotokea jikoni Zena alisimuliwa baadaye na Bi Mwatumu mwenyewe, ambaye ndiye mama yake Shamte. Mwanawe alifika mlangoni anahema.

"Mama, ukuta uko kama..."

"Kama nini? Sema upesi, kitumbua kinaungua."

Alijaribu. Alijaribu wanja, akajaribu mgomba, akajaribu siafu. Kisha akaacha. "Mama, ukuta umepasuka. Maji yanakuja. Utakufa."

Bi Mwatumu aligeuka. Alikuwa hajawahi kumsikia mwanawe akisema hivyo, tangu alipojifunza kusema. Lile jitu lake lenye vifungo vya shaba lilikuwa limesimama mbele yake bila hata neno moja la kujisitiri, linatetemeka, kama alivyompokea siku aliyomzaa. Hakuziba masikio. Alivua khanga yake ya mabegani, akamfunika nayo, akamshika mkono. Kikaango akakiacha motoni.

Kule kileleni Zena alikuwa amefikwa na jambo ambalo msimuliaji yeyote analiogopa: njia imekwisha na hadithi haijaisha. Watu walimzunguka, jasho linawatiririka. "Kikapuni mna nini? Mwalimu, mna nini?" Hakujua. Alitazama juu ya vichwa vyao akaona mbali chini vitu viwili vidogo vinapanda, kimoja kimejifunga khanga ya njano, na hakuwa na sala nyingine ila hao wafike.

Ukuta ulisema ngu. Ukanyamaza. Kisha ikaja sauti ambayo hakuna mtaa uliokuwa na neno lake.

Maji yaliingia bondeni bila hasira wala huruma. Yalichukua uwanja wa soko na kreti zake. Yalichukua mito laini ya Tafsida na ngazi zake, yakachukua mahakama pamoja na amri iliyokuwa ikiyazuia. Yalichukua kijumba cha kwanza ukitoka mtoni, na moshi ukazimika. Watu wote walikuwa wamesimama ukingoni, na hakuna aliyemsukuma mwenzake.

Bi Mwatumu na mwanawe walitokea kwenye kona ya mwisho wakisaidiana. Miguu yao ilikuwa imelowa mpaka magotini.

Bi Kidawa alifungua mdomo apate kusema jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kusema. Alikaa hivyo kwa muda, mdomo wazi. Akaufunga.

Mgongoni kwake Hamadi alitoa kidole mdomoni. Akakinyoosha kuelekea bondeni.

"Maji," alisema.

Hakuna aliyeziba masikio wala aliyemfunika. Neno lilikuwa dogo na wazi, na lilikaa hewani pale, kila mtu analiangalia. Bi Kidawa alimtoa mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani, akawaambia waliokuwa karibu, kwa sauti ya chini kabisa, "Amesema neno moja."

Ni Hakimu Makame aliyekumbuka. Alitua meza yake chini taratibu. "Mwalimu," alisema, "neno la kwanza la mtoto..."

Wakamgeukia wote. Zena mwenyewe alikuwa hajui mpaka dakika ile. "Ndiyo," alisema. "Kikapuni mlikuwa na maji."

Watu wakaliwaza hilo. Wenye machozi wakayaacha yatoke. Bi Mwatumu peke yake, ambaye mwanzo ulimpita akiwa na vitumbua vyake, alikunja uso.

"Ngojeni kwanza. Kikapu kitashikaje maji?"

Zena alifungua mdomo kujibu, lakini aliyejibu alikuwa Shamte, aliyesimama na khanga ya mama yake mabegani, macho yake yako kule juu kwenye miamba ambako sasa palikuwa na pengo.

"Kama ukuta wangu, mama," alisema. "Kwa muda tu."

Hakuna hata mtu mmoja wa Tashbihi aliyebishana naye. Zena alisikia swali la miaka yote likimpanda kooni, lile la taja na ufafanue, akalimeza.

Hadithi ikawa imeisha, na kwa mujibu wa sheria kila mtu alikuwa huru kuondoka. Hakuna aliyeondoka. Walikaa chini kwenye majani, mitaa yote imechanganyika, jua linawapiga usoni, na baada ya kitambo Bi Mwatumu akauliza kama kuna aliyekumbuka kubeba kikaango.